Pikipiki kubwa ya mkononi: maswali ya wasomaji

Barua nyingi safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti. Mtu amechoka na basi, anataka pikipiki ya kumtoa Dar hadi Iringa, Tanga au Mtwara, mpya haimudu, na dalali keshampigia simu mara tatu. Maswali tumeyafupisha. Majibu hatukuyabana.

Shikamooni wahariri. Mimi ni mwanamke wa futi 5 na inchi 3. Nimezoea pikipiki ya cc 150. Dalali ananishawishi nichukue BMW R1200GS ya 2010. Nikiikalia, ncha za vidole tu ndizo zinazogusa chini. Nishushe shokapu au nitafute nyingine? – Dada wa Tabata

Marahaba, dada. Tafuta nyingine. GS hiyo ni pikipiki nzuri sana, lakini kiti chake cha kawaida, hata kikiwekwa chini, kipo milimita 850 kutoka ardhini, na ikijaa mafuta ina uzito wa kilo 229. Ikitembea hutausikia uzito huo. Utausikia ukisimama kwenye mchanga wa pembeni mwa barabara pale Chalinze, roli linakupita, na mguu mmoja haujapata pa kukanyaga. Dalali hatakuwepo.

Kipimo chako si urefu wa mwili, ni urefu wa mguu wa ndani. Vaa buti unazosafiria, simama umeegemea ukuta, pandisha kitabu kigumu katikati ya mapaja hadi kigote, kisha pima kutoka ukingo wake wa juu hadi sakafuni. Mtu wa urefu wako mara nyingi hupata kati ya sentimita 73 na 77 akiwa na buti. Linganisha na kimo cha kiti, ukikumbuka mambo mawili: ukikaa, shokapu hushuka sentimita kadhaa, na kiti kipana hula urefu wa mguu kwa kuyatanua mapaja. Ndiyo maana pikipiki mbili zenye kiti cha kimo kimoja zinaweza kukupa majibu tofauti. Unachotafuta ni nyayo zote mbili zikanyage kwa sehemu ya mbele, au mguu mmoja ukanyage wote bila wewe kuteleza kiti kwenda pembeni.

Kwa mguu wako angalia BMW G650GS ya kuanzia 2011 (milimita 780, kilo kama 192), Honda CB500X za 2013 hadi 2018 (milimita 810), au BMW F650GS ile ya silinda mbili ya 2008 hadi 2012 (milimita 820, na ilitengenezewa kiti cha chini zaidi). Zote zinakwenda kilomita 100 kwa saa bila kulalamika, na hapa barabarani kwetu, vijiji vya spidi 50 vikiwa vimepangana, hiyo inakutosha.

Kushusha shokapu tunakuacha nako kuwe njia ya mwisho. Ukiishusha nyuma bila kuishusha mbele, usukani unakuwa mzito na wa uvivu kwenye kona. Stendi ya pembeni inakuwa ndefu, pikipiki inasimama wima mno, na upepo wa basi unaweza kuilaza. Na tumbo la injini linaanza kugonga matuta. Kukata sponji ya kiti kwa sentimita mbili au tatu kwa fundi viti anayejua kazi hakuharibu kitu, na kiti unaweza kukirudisha kilivyokuwa.

Hata hiyo nyepesi itaanguka siku moja, kwa hiyo jifunze kuinyanyua kabla hujalipa. Zima injini. Kama imelalia kulia, fungua kwanza stendi ya pembeni ili isije ikapitiliza upande wa pili. Tia gia ya kwanza isibiringike. Kunja usukani hadi mwisho, geuka uipe mgongo, kalio lako likae kwenye ukingo wa kiti. Mkono mmoja ushike usukani, mwingine ushike chuma imara nyuma ya kiti. Chuchumaa, kisha rudi kinyumenyume kwa hatua fupi. Miguu ndiyo inyanyue, siyo kiuno.

Naenda Mbezi Beach kuona Suzuki V-Strom 650 ya 2012 iliyotoka Uingereza. Mwenyewe anasema imetembea 41,000 tu na injini haijawahi kuguswa. Fundi wangu anajua boda tu. Niangalie nini? – Msomaji, Mbagala

Anza na hiyo 41,000. Pikipiki zilizouzwa Uingereza kwa kawaida husoma maili, na maili 41,000 ni karibu kilomita 66,000. Kwa injini hiyo ikitunzwa si nyingi, ila bei ya kilomita 41,000 na bei ya 66,000 hazilingani. Na hilo la kutoguswa si sifa. Suzuki wanataka nafasi za vali (ule uwazi mdogo kati ya vali na kinachoisukuma) zipimwe kila kilomita 24,000. Ilipaswa kupimwa kwenye 24,000 na 48,000, na ya tatu, 72,000, ipo mlangoni. Kama hakuna risiti wala fundi anayeweza kusema alifungua kava, hesabu kwamba kazi hiyo unainunua pamoja na pikipiki. Tangi litavuliwa, na visahani vya kurekebishia vali hutavikuta Kariakoo kwenye maduka ya spea za boda.

Mpigie simu mapema umwombe asiiwashe. Ukifika, kabla salamu hazijaisha, weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, kuna mtu ameipasha ili usisikie inavyowaka ikiwa baridi. Subiri ipoe, au urudi kesho asubuhi. Injini yake ina mfumo wa sindano za mafuta, kwa hiyo inatakiwa iwake kwa kubonyeza mara moja bila kupewa mafuta, isumbuke kidogo, kisha itulie. Moshi wa bluu unaoendelea ni oili inaungua. Wingu jeupe lenye harufu tamutamu ni kuleni, yaani maji ya kupozea injini, inaingia ndani ya silinda, na hapo aga uondoke.

Kabla ya kuiwasha, fungua kifuniko cha rejeta (ikiwa baridi tu, vinginevyo utaungua) uone rangi ya maji. Kijani au bluu safi ni sawa. Maji ya rangi ya kutu maana yake mtu amekuwa akijaza maji ya bomba, na kutu hiyo imeshapita kwenye pampu na mirija yote. Kisha iache iungurume hadi feni iwake yenyewe. Watu wengi hawana subira ya hatua hii. Feni isiyowaka huijui barabara ikiwa wazi, utaijua kwenye foleni ya Ubungo saa kumi na moja jioni.

Sasa umeme, ambao ndio ugonjwa wa kuuogopa kwenye pikipiki nyingi za aina hii zikifika nchi za joto. Beba multimita, kile kipimo cha umeme, ya bei rahisi inatosha. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima isome volti 12.4 hadi 12.8. Iwashe, vuta hadi mizunguko 5,000 taa kubwa ikiwaka: inatakiwa isome kati ya 13.5 na 14.8 hivi. Chini ya 13, haichaji. Ikizidi 15, rektifaya (kifaa kinachodhibiti umeme unaochaji betri) imekufa na betri inapikwa. Rudia kipimo baada ya kuiendesha, maana koili ya kuchajia inayoanza kuungua mara nyingi husoma vizuri ikiwa baridi na kushuka ikipata moto. Fuata nyaya zinazotoka kwenye rektifaya hadi kwenye soketi yake. Plastiki iliyobadilika kuwa ya kahawia au kuyeyuka pembeni imeshakwambia kila kitu.

Mbezi Beach, Masaki, Kigamboni: chumvi. Pitisha ukucha kwenye mirija inayong'aa ya shokapu za mbele, sehemu ile inayoingia na kutoka. Ukucha ukikwama kwenye kishimo cha kutu, sili mpya haitamaliza wiki nyingi kabla ya kuchanika na kuvujisha oili kwenye breki. Muuzaji atasema "ni sili tu, shilingi kidogo." Si sili, ni mrija. Bonyeza mbele mara tano kwa nguvu uone kama kuna pete ya oili inabaki.

Isimamishe kwa stendi ya kati kama inayo, au iinue kwa jeki chini ya injini, mwenzako akandamize nyuma ili gurudumu la mbele lielee. Zungusha usukani polepole sana kwa kidole kimoja. Ukihisi unapenda kutulia katikati, kama kuna kishimo, beringi za shingo zimekwisha, kwa kawaida kwa sababu ya matuta. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, ni beringi za gurudumu. Ukiwa hapo, angalia vile vinundu vya chuma vinavyozuia usukani usipitilize kulia na kushoto. Vikiwa vimebonyea, vimepinda au vimechomelewa, pikipiki ilishapigwa usoni, hata kama plastiki zote ni mpya. Hasa kama plastiki zote ni mpya.

Cheni: nenda nyuma kabisa ya sproketi kubwa, vuta cheni kwa vidole kuelekea kwako. Ikiachia hadi ukaona zaidi ya nusu ya jino, imekwisha. Meno yaliyopinda upande mmoja yanasema hivyohivyo. Cheni hii ni saizi 525, sproketi ni meno 15 mbele na 47 nyuma, na vyote vitatu hubadilishwa kwa pamoja. Ukiweka cheni mpya kwenye sproketi kuukuu, itakufa haraka. Diski za breki zimechongwa unene wa mwisho, tafuta maandishi ya MIN TH na namba ya milimita, kisha pima kwa venia, kile kipimo cha unene.

Taa ya ABS (breki zinazozuia gurudumu lisijifunge) iwake ukifungua swichi na izime ukishaanza kutembea. Isipozima kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, wasiwasi uwe mkubwa zaidi, maana kuna watu hukata waya wa taa ili usiulize. Tairi lina namba nne mwishoni mwa herufi za DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata ndefu lakini la miaka minane ni gumu na litateleza kwenye lami yenye mvua. Mbele inavaa 110/80 R19, nyuma 150/70 R17. Maduka ya tairi za boda hayana saizi hizo, kwa hiyo ulizia zinapatikana wapi na kwa bei gani kabla hujakubaliana.

Mwisho uiendeshe. Gia ya tatu, mizunguko 3,000, fungua mafuta yote. Mizunguko ikiruka na spidi ikabaki nyuma, klachi inateleza. Gia ya pili ifanyie hivyohivyo usikilize kama inaruka. Kwenye barabara tupu, spidi 60, legeza mikono bila kuachia usukani. Ikivuta upande, kuna kitu kimepinda.

Makaratasi: jina la kwenye kadi liwe la huyo anayekupa funguo na kitambulisho chake kikubaliane. Namba ya fremu kwenye shingo na namba ya injini zifanane na kadi, tarakimu kwa tarakimu, na uone kama kuna dalili ya kufutwa au kupigwa upya. (Zilizouzwa ndani ya Japani huwa na namba fupi ya fremu, si zile tarakimu 17. Usishtuke.) Andikisheni mkataba kwa wakili na mbadilishe umiliki TRA mara moja. Kadi ya mtu wa tatu "aliyesafiri" isikuingie mkononi.

Ukiinunua, bakiza kama asilimia 20 ya bei yake kwa tairi, cheni, pedi, oili na hiyo kazi ya vali. Usipokuwa nayo, bei hiyo huiwezi bado.

Mimi kilo 92, mke wangu 70. Tunataka kwenda Mbeya na masanduku matatu ya alumini. V-Strom 650 itatosha au tutafute Yamaha Super Ténéré 1200? – Baba Wawili, Ukonga

Nguvu ya injini siyo shida yenu. Shida ni uzito unaoruhusiwa. Kitabu cha kila pikipiki kina uzito wa mwisho wa jumla. Toa humo uzito wa pikipiki ikiwa imejaa mafuta, kinachobaki ndicho mzigo wenu wote. Hebu tuhesabu: 162 nyinyi wawili, kama 12 helmeti, buti na jaketi, kama 20 masanduku matupu na vyuma vyake, na 25 vilivyomo. Tayari 219, na kuna pikipiki nyingi za cc 650 ambazo nafasi yake haizidi 200.

Ukizidisha, nyuma inakaa, mbele inakuwa nyepesi, na kwenye spidi 100 usukani unaanza kuchezacheza. Taa inamulika miti. Kushuka Kitonga na mzigo huo, breki ya nyuma inapata moto hadi kanyagio linazama. Kwa hiyo ama mbebe mabegi ya turubai, ambayo yanaokoa kilo kumi na zaidi, na kuacha lile sanduku la juu nyumbani, ama mchukue kubwa. Super Ténéré ina kilo 261 na haina cheni: inaendeshwa na shafti, hutapaka mafuta kila jioni, ila oili ya gia ya nyuma lazima ibadilishwe, na muuzaji akuoneshe ilibadilishwa lini. Je, kilo 261 unaziweza peke yako kwenye changarawe, mama akiwa ameshuka? Jijibu hilo kwanza.

Mkichukua V-Strom, kazeni springi ya nyuma kwa ile nobu ya pembeni kabla ya kuondoka na mjaze upepo wa watu wawili: paundi 33 mbele, 41 nyuma. Ukisafiri peke yako nyuma ni 36.

Tairi la tyubu au lisilo na tyubu? Napenda njia za vumbi, Kilwa, Liwale, Tunduru. – Mzee wa Temeke

Shikamoo mzee. Kwa njia hizo tyubu ina wenyewe. Yamaha XT660Z Ténéré ya 2008 hadi 2016 ina rimu za spoku, tyubu, gurudumu la mbele la inchi 21 na tangi la lita 23. Ukipata pancha, fundi baiskeli wa kijijini anaiziba. Lakini gurudumu lazima livuliwe, na spana ya ekseli kubwa hana, kwa hiyo beba ya kwako, vyuma viwili vya kufungulia tairi na tyubu ya akiba ya inchi 21. Hiyo ya mbele ukibanwa huingia hata nyuma kwa muda.

Lisilo na tyubu unaliziba kwa utambi dakika kumi bila kuvua kitu. Ubaya wake ni rimu ya aloi: ikipiga shimo ikapinda mdomo, upepo unatoka na utambi hausaidii. Kama asilimia kubwa ya safari ni lami, chukua hilo. Kwa Liwale, chukua spoku. Kiti cha Ténéré hiyo kipo karibu milimita 895, hivyo kama u mfupi soma tena barua ya dada wa Tabata.

Kuna mtalii ametoka Ulaya kwa pikipiki hadi hapa Dar, anataka kuniuzia kwa bei ya kutupa arudi kwao kwa ndege. Nichukue? – Mikocheni

Bado. Pikipiki hiyo imeingia nchini kwa kibali cha muda, mara nyingi kile kitabu cha karneti kinachogongwa muhuri kila mpaka. Ushuru haujalipwa, na kisheria pikipiki inatakiwa itoke nchini au ilipiwe. Bila hivyo haipati namba ya MC, haibadilishwi umiliki, na siku ikikamatwa ni yako ndiyo inayozuiliwa, yeye keshafika kwao.

Nendeni wote wawili Forodha kabla ya pesa kubadilishana mikono. Ithaminiwe, upate kwa maandishi kiasi cha ushuru, VAT ya asilimia 18 na tozo nyingine, maana umri wa pikipiki unaweza kuongeza kodi. Jumlisha na bei yake. Mara nyingi "bei ya kutupa" inaishia kuwa bei ya kawaida kabisa. Kama bado inalipa, yeye apate muhuri wa kufunga kitabu chake na wewe upate risiti ya malipo, siku hiyohiyo. Naye anauhitaji muhuri huo, dhamana yake kwao haiachiliwi bila karneti kufungwa, kwa hiyo akikataa kwenda Forodha jiulize kwa nini.

Boxer 150 yangu haiwezi kunifikisha Songea hadi nihangaike na pikipiki kubwa? – Kijana, Gongo la Mboto

Itakufikisha. Spea zake zipo hadi kwenye kibanda cha mwisho kabla ya pori, na fundi yeyote anaifungua amefumba macho. Kinachokosekana ni pumzi ya kulipita roli kwenye mlima: ukiwa na 70 na roli lina 60, unakaa upande usio wako muda mrefu mno. Basi usilipite, subiri. Badili oili kabla ya kuondoka, kaza spoku, ondoka alfajiri na usitembee usiku. Kama unasafiri mara moja kwa mwaka, kaa na Boxer yako.

Fundi kaniwekea oili ya gari kwenye Honda yangu ya cc 700, sasa klachi inateleza. Kaniharibia? – Sinza

Huenda bado. Klachi yako inaogelea ndani ya oili ya injini, na oili nyingi za gari zina dawa ya kupunguza msuguano, ambayo pleti za klachi hazitaki. Imwage, badili na filta, weka oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA au MA2, tembea kilomita mia kadhaa kwa upole, kisha imwage tena. Ikiendelea kuteleza, pleti zibadilishwe. Pia angalia kama kebo ya klachi ina ulegevu kidogo kwenye mkono. Ikivutwa mno klachi huteleza hata oili ikiwa sahihi.

Nimenunua pikipiki iliyotoka Ujerumani. Usiku kila gari linanipigia taa. Nimeshusha taa lakini wapi. – Kimara

Taa yako imetengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia: mwanga wake wa chini unapanda upande wa kulia, ambako kwetu ndiko wanakotokea wanaokuja. Kuishusha hakutibu, kunakupunguzia tu umbali wa kuona. Agiza taa ya toleo la Uingereza au Japani. Wakati unaisubiri, ziba kipande cha kioo kinachorusha ule mwanga wa kulia kwa plasta nyeusi isiyoyeyuka kwa joto. Simama mita tano kutoka ukutani usiku, mwanga wa chini ukiwaka, mwenzako asogeze plasta taratibu hadi ule mkia unaopanda kulia upotee ukutani.